Lita Sitini

Alipoulizwa boti ya mume wake hutumia lita ngapi za mafuta kwa safari moja, mke wa Nahodha alijibu sitini, bila hata kuinua macho kutoka kwenye beseni la nguo.

Aliyeuliza alikuwa kijana mwembamba mwenye ubao uliobanwa karatasi. Alisimama nje ya kizingiti kwa sababu sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki, na hakutaka kuichafua. Aliandika sitini, akaitazama namba yake, kisha akauliza tena taratibu.

"Sitini kwa safari moja, mama? Una hakika?"

"Mwanangu, mimi na huyo mzee tumeishi miaka ishirini na sita. Nikose kujua anachotia kwenye injini yake?"

Kijana akatupa jicho kwenye kona ya ua, palipokuwa na madumu matatu ya lita ishirini. Mawili yalikuwa yamejaa vumbi, na katikati yake kuku alikuwa ametaga. Akashusha kalamu, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kukumbuka vizuri. Kisha akasema anaweza kurudi siku nyingine Nahodha akiwepo. Mke wa Nahodha akamwambia asijisumbue, Nahodha yuko hospitali na mama yake mzazi, leo siku ya kumi na tisa, na haijulikani watarudi lini. Kijana akatoa pole. Akauliza habari za barafu, za nyavu, za umbali wa kwenda kiwanda cha samaki, akashukuru, akaenda nyumba ya pili.

Mama wa watu alikuwa amesema alichofundishwa kusema. Kila mwaka watu wa ruzuku walipita gatini na daftari, na kila boti ilipewa mafuta ya bei nafuu kulingana na namba iliyoandikwa humo. Boti zote thelathini na moja ziliandikwa sitini. Boti ya Nahodha ilitumia ishirini na mbili. Yale yaliyozidi yaliuzwa, na pesa zake ndizo zilizowavusha watu miezi ya samaki wachache, na hakuna aliyeona haya, maana hata aliyeliandika daftari la kwanza alikuwa mvuvi mwenzao. Nahodha alimwambia mkewe zamani, wakija watu wa mafuta nami sipo, sema sitini. Naye alilihifadhi neno hilo kama anavyohifadhi mahali ulipo ufunguo.

Lakini hawa hawakuwa watu wa mafuta. Gatini walikwisha kupewa jina la wapima moshi. Wiki mbili kabla walikuwa wameitisha mkutano, wakaeleza kwamba wanunuzi wa nchi za nje sasa wanataka kujua, kwa kila kilo ya samaki, ni hewa chafu kiasi gani imetoka mpaka samaki huyo afike sahanini: mafuta ya boti, umeme wa barafu, chakula cha samaki wanaofugwa kwenye vizimba, lori la kwenda uwanja wa ndege. Mzee mmoja aliuliza kama samaki wetu siku hizi wanavuta sigara, watu wakacheka, wapimaji nao wakacheka. Wageni walipoondoka, Mwenyekiti wa chama cha wavuvi akawaambia watu kwa sauti ya chini kwamba hili daftari si lile. Hapa semeni kweli, anayetumia kidogo ndiye atakayependwa. Wenye boti thelathini walisikia. Wa thelathini na moja alikuwa amekaa kwenye benchi la wodi, akimpepea mama yake kwa kipande cha boksi.

*

Nahodha alimrudisha mama yake nyumbani siku ya ishirini na nne. Alimbeba mgongoni kutoka barabarani, na Bibi, ambaye alikuwa amebaki mifupa tu, aliwaambia majirani kwamba amempata punda mzee lakini anajua njia. Kwa siku chache nyumba ilikuwa na furaha.

Barua ililetwa na Shemeji, mdogo wake mke wa Nahodha, ambaye ndiye aliyekuwa akivua naye. Aliisoma amesimama. Boti yao imepimwa na kukutwa imezidi kiwango. Kuanzia mwanzo wa mwezi ujao kiwanda hakitapokea samaki wake, isipokuwa kama safari ya kupimwa upya, mpimaji akiwa ndani ya boti, itaonyesha vingine.

"Nani aliwaambia sitini?" Nahodha aliuliza.

Mke wake alikuwa anamlisha Bibi uji. Kijiko kilibaki hewani. Akasema ni yeye, akaeleza siku ile ya nguo, na jinsi kijana alivyouliza mara mbili, na jinsi yeye alivyomjibu kwa ujeuri.

Nahodha hakupandisha sauti. Alikichukua kile kijiko mkononi mwake, akaendelea kumlisha mama yake pale mkewe alipoishia.

"Ni mimi niliyekufundisha," alisema. "Ungesema vingine ningekugombeza."

Kisha akawatuliza wote. Boti ni ileile, injini ni ileile, ndogo ya nguvu za farasi kumi na tano, na yeye huenda karibu kuliko mtu yeyote pale gatini. Huyo kijana na aje. Atampakia, atapima kwa mkono wake, atakuta ishirini na mbili, na mambo yataisha. Siku hiyo alikula vizuri, akaongeza.

*

Mwenyekiti alikuja alasiri, siku moja kabla ya safari, kofia mkononi. Alikuwa mtu mzito aliyezoea kusema kwa sauti ya kushindana na injini, lakini siku hiyo aliongea kama aliyekuja kumwona mgonjwa. Aliingia kwanza kumwamkia Bibi, akamwambia rangi imerudi. Akapewa kiti na chai. Akaisifu chai kabla hajainywa.

Yule kijana mpimaji, alisema, ni mtu mwema, na ndiye aliyemdokeza. Fomu yao haina nafasi ya kuandika kwamba mtu alijisahau. Palipoandikwa sitini pakikutwa ishirini na mbili, lazima sababu iandikwe, na sababu hiyo itasomwa ofisini. Huko watauliza hiyo sitini ilitoka wapi. Wakianza kuitafuta wataikuta kwenye daftari la ruzuku, mbele ya kila jina.

"Boti thelathini na moja, Nahodha. Ruzuku itakatwa, na ya miaka yote iliyopita tutadaiwa. Kuna wajane mle."

"Najua waliomo."

"Ndiyo."

"Sasa unataka nifanye nini?"

Mwenyekiti alikizungusha kikombe mkononi. "Kesho itumie hiyo sitini."

Mke wa Nahodha alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Akauliza kama amesikia sawasawa, kwamba mume wake ayachome mafuta bure mchana kutwa, halafu kiwanda kimfukuze kwa kuyachoma. Mwenyekiti akamjibu bila kumtazama kwamba amekuja kuomba, hakuja kuamuru, na Nahodha akikataa yeye atainuka, ataaga, na kinyongo hatakuwa nacho.

"Basi nitakwenda mimi ofisini," mama alisema. "Nitasema nilidanganya. Mimi peke yangu, kwa tamaa zangu."

"Watakuuliza ulifundishwa na nani," Nahodha akamwambia kwa upole. "Utanitaja mimi. Na mimi nikiulizwa nitamtaja nani?"

Kulikuwa na jambo moja pale ambalo hakuna aliyelitaja. Siku zote ishirini na nne ambazo Bibi alilala hospitali, haikupita siku moja bila ndoo ya samaki kukutwa kizingitini asubuhi. Aliyeileta hakujulikana, na aliyefuata hakujulikana. Siku daktari aliposema damu imepungua, wanaume kumi na mmoja wa gatini waliacha boti zao wakaenda kukunja mikono ya mashati kwenye foleni. Mwenyekiti alikuwa wa kwanza. Kama angalithubutu kumkumbusha, Nahodha angalikasirika, na kwa hasira hiyo angalipata nguvu za kukataa. Hakumkumbusha. Alimaliza chai, akamshukuru mama, akaenda.

Nahodha alikaa pale pale mpaka kivuli cha ukuta kikamfikia miguuni. Kisha akaenda kwenye kona ya ua, akayafuta vumbi yale madumu mawili.

*

Walitoka alfajiri, watu watatu: Nahodha kwenye injini, Shemeji mbele, na Mpimaji katikati, amekumbatia begi lake lenye chombo cha kupimia kilichochorwa mistari. Madumu yote matatu, pamoja na mafuta yaliyokuwa kwenye tangi la injini, yalipimwa kabla ya kuondoka, yakaandikwa.

Sehemu ambayo Nahodha alivua siku zote ilikuwa mwendo wa saa moja. Walipita hapo bila kupunguza mwendo. Shemeji, ambaye alikuwa ameambiwa lakini hakuwa ameamini, aligeuka nyuma kumwuliza Nahodha.

"Shemeji, leo tunakwenda kuvua au tunahama?"

Mpimaji alicheka. Alipoona amebaki peke yake kucheka na wale wawili hawatazamani, aliacha.

Walipita karibu na vizimba vya kiwanda, duara kubwa za plastiki zinazoelea zenye nyavu chini yake, samaki wakirukaruka humo kwa maelfu. Juu ya jukwaa jenereta ilikuwa ikinguruma, ikipuliza hewa majini. Nahodha akauliza kama na wale wamepimwa. Kijana akasema wamepimwa. Chakula chao kinatoka mbali kwa meli na lori, na hizo jenereta hazilali, kwa hiyo moshi wao si mdogo.

"Na wao wataondolewa kwenye orodha ya wanaonunuliwa?"

Kijana alilikaza begi lake mapajani. Vile ni vya kiwanda chenyewe, alisema mwishowe. Wamepewa miaka mitano ya kujirekebisha.

Nahodha akaitikia kwa kichwa tu, akafungua mafuta zaidi.

Alikuwa mtu wa kuzima injini akiliona gati kwa mbali, boti iteleze yenyewe mpaka mahali pake. Alikuwa mtu wa kukung'uta dumu mpaka tone la mwisho. Sasa alikwenda nje kabisa, akazunguka, akarudi, akazunguka tena, injini ikilia kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia ikitoa. Kila ilipolia hivyo, mdomo wake ulisogea kidogo, kama wa mtu anayemtazama mtoto akichomwa sindano. Saa sita Mpimaji alianza kutapika. Nahodha alimwachia Shemeji usukani, akaja akamshika mkanda asidondoke, akamnawisha uso, akavua koti lake akamvika.

Hapo, akiwa amejikunyata ndani ya koti lenye harufu ya samaki, kijana akasema maneno ambayo fomu yake haikumruhusu.

"Mzee, mafuta yaliyobaki tunaweza kurudi nayo. Turudi sasa. Nitaandika tulipofika."

"Mwanangu," Nahodha alisema, "wewe andika utakachokiona."

"Ninaona, mzee."

"Basi."

Walitupa nyavu alasiri, mahali ambapo wote watatu walijua hapana kitu, wakapata kilo kumi na tisa. Kulipokaribia jioni walifunga gatini. Mpimaji alimimina kilichobaki tangini kwenye chombo chake cha mistari, akachuchumaa, akasoma, akasoma tena.

"Sitini na moja," alisema.

Nahodha alitia sahihi. Gati zima lilikuwa limesimama, na hakuna aliyesogea karibu. Kijana aliondoka akiwa amelikunja koti vizuri, akaliweka juu ya mwamba badala ya kumkabidhi mwenyewe. Mke wa Nahodha aliyekuja kupokea samaki aliyaona madumu matatu yamelala ubavu, yote matupu. Alibeba mawili, mumewe akabeba moja, wakapanda nyumbani.

*

Orodha ilibandikwa kwenye geti la kiwanda, majina thelathini kwa wino mweusi na moja, chini kabisa, kwa wino mwekundu. Watu waliokuwa hawajui kusoma walielewa rangi.

Kwanza ilikuwa barafu. Mke wa Nahodha alikwenda na sanduku lake kama kawaida, na karani wa barafu, mwanamke waliyezoeana, akamwambia kwa kunong'ona kwamba barafu nayo sasa inahesabiwa kwenye moshi, na inatolewa kwa wale wa wino mweusi tu. Alisema samahani mara nyingi mno, mpaka foleni yote ikajua. Mama aligeuka na sanduku lake tupu. Mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma yake, ambaye mumewe alikuwa na boti ya tatu kutoka ya Nahodha, alilichukua sanduku lile bila neno, akaligawia nusu ya barafu yake, akalirudisha. Alifanya hivyo siku ile na siku nyingine nyingi. Hawakuzungumza juu yake hata mara moja.

Lakini nusu ya barafu haiuzi boti nzima ya samaki. Waliuza kando ya barabara, kwa watu wanaojua kwamba jua likipanda muuzaji atashusha bei, na ambao kwa hiyo walikuwa hawana haraka. Mmoja alimbonyeza samaki jicho kwa kidole, akauliza kama hawa ndio wale wa wino mwekundu. Mwezi wa pili Nahodha mwenyewe alimwambia Shemeji akubali nafasi kwenye boti ya Mwenyekiti. Shemeji alilia waziwazi, mtu mzima na ndevu zake. Mwezi wa nne dawa za Bibi zilikwisha, na Nahodha akatangaza kwamba anauza injini.

Mnunuzi alikuwa mvuvi wa gati jingine, kijana bado, mwenye pesa alizozikusanya kwa shida, na kila mtu aliliona hilo kwa jinsi alivyouliza maswali. Aliikagua injini, akaipenda. Kisha akasema amepita kiwandani, ameisoma ile orodha.

"Inayokunywa hivi, mzee wangu, hata ukinipa bure itanimaliza."

Wanaume kama kumi walikuwa wamekuja kusaidia kuinyanyua. Mwenyekiti alikuwepo. Wote wakatazama chini, kila mmoja akaona kitu cha kutazama kwenye vidole vya miguu yake. Mke wa Nahodha alifungua mdomo.

"Mama," Nahodha akamwahi, "niletee kitambaa."

Alikileta. Nahodha akaipangusa injini yote, polepole, hata kule chini ambako hakuna mtu angetazama, na alipomaliza akakubali nusu ya bei. Waliibeba watu wanne mpaka kwenye gari. Akamshukuru kila mmoja kwa mkono.

Baada ya hapo alipata kazi kwenye vizimba. Alipewa mabuti ya njano yaliyomzidi na kopo la kumwagia chakula, makopo sita asubuhi na sita jioni. Msimamizi wake alikuwa mpole, alimwita mzee, na akamruhusu kukaa jua likiwa kali. Nyumbani Nahodha hakulalamika. Aliongea tu kidogo zaidi kila wiki, mpaka Bibi akamuuliza mkwewe kwa siri kama mwanawe anaumwa koo.

*

Jumapili moja mchana, mnunuzi yule alibisha hodi. Alikuwa na samaki watatu wakubwa, amewatunga kwenye kamba. Mke wa Nahodha alimpokea kwa wasiwasi, akijua wauzaji hufuatwa nyumbani kwa ubaya tu. Nahodha alitoka chumbani, naye aliwaza hivyohivyo.

"Inakusumbua?"

"Hainisumbui, mzee. Ndiyo maana nimekuja."

Alikaa ukingoni mwa kiti. Akaeleza kwamba mwanzoni alidhani dumu lake lina makosa, akaazima la mwenzake, akapima safari baada ya safari. Dumu moja na kidogo, kwenda na kurudi. Halafu hakupata usingizi. Alisema ameona amenunua mali ya mtu kwa dhuluma, akataka kujua ni nani aliyeandika vile getini, na kama mzee ataafiki, yeye yuko tayari kwenda kusema mbele za watu, na iliyobaki ya bei ailipe kidogo kidogo.

Nahodha alimsikiliza mpaka mwisho. Mkewe alikuwa jikoni ameshika kisu, samaki wa kwanza ubaoni, na hakukata.

"Bei tulikwisha kupatana," Nahodha alisema. "Na hilo la mafuta, kijana wangu, kaa nalo. Usilitoe nje. Wala usiniulize."

Kijana alimtazama. Alikuwa mvuvi, na kule kwao nako kulikuwa na daftari la ruzuku. Labda alielewa nusu. Nusu nyingine hakuidai. Akasema sawa, baba, akatazama mikono yake, na kwa kutafuta tu neno la kusema, akataja kwamba kuna jambo dogo: asubuhi za baridi injini hukataa kuwaka, naye huivuta mpaka bega linamuuma.

"Unaivuta kwa nguvu?"

"Kwa nguvu zote."

"Aa, hapana, hapana." Nahodha alisogeza kiti mbele. "Usiilazimishe. Ile ukiilazimisha inanuna. Kwanza iache ipate mafuta, hesabu mpaka ishirini. Halafu ivute mara mbili taratibu, kama unaiamsha tu. Mara ya tatu ndiyo uvute kweli. Itaitika. Na ukisikia inakohoa upande wa kushoto usiogope, ndiyo tabia yake, tangu ikiwa mpya…"

Aliendelea. Alionyesha kwa mkono jinsi ya kushika kamba, akainuka akaonyesha jinsi ya kusimama, akamuuliza kijana anaifunika na nini mvua ikinyesha, akamwambia turubai halifai, inataka gunia linalopumua. Mke wake alikuwa hajamsikia akisema maneno mengi hivyo tangu siku ya wino mwekundu. Mafuta ya kukaangia yalikuwa yamekwisha kupata moto na samaki walikuwa tayari, lakini alijua akiwatia watapiga kelele. Akapunguza moto, akaketi kwenye kigoda, akangoja amalize.